Gesi Ikivuja na Wali Uko Motoni

Ijumaa moja ya kaskazi, kakangu na watu wake walikuwa njiani kutoka Malindi, nami nilikuwa nimewaahidi wali wa nazi na samaki wa kupaka. Saa sita kasorobo gesi ikavuja mekoni mwangu. Saa nane kasorobo tulikula. Nitayaeleza yote mawili kwa pamoja, upishi na uvujaji, kwa sababu siku ile yalinijia kwa pamoja. Mwenye sufuria motoni na wageni njiani ndiye anayechelewa kuzima. Moyo wake uko kwenye wali. Huyo ndiye ninayemwandikia.

Kwa watu wanane chukua mchele kilo moja, ambao ni kama vikombe vitano, nazi nne zilizokomaa, na samaki wawili wa kilo moja na robo kila mmoja. Mimi nilipata kolekole. Samaki aina ya changu ni mzuri zaidi ukimpata mkubwa. Samaki nilimnunua Bandari ya Kale asubuhi, si mbali na kwetu Kibokoni, Mombasa, na nazi nilizitoa sokoni Marikiti. Nazi usiinunue kwa macho. Itikise karibu na sikio: iliyo nzuri hulia maji, na yale macho yake matatu huwa makavu, hayana ukungu. Ikiwa haina sauti, maji yameshapotea na tui litakuwa na uchachu.

Nazi ikune kwenye mbuzi, usikwangue hadi kwenye kifuu, kwani lile ganda la kahawia hulitia tui rangi ya udongo. Tia maji ya vuguvugu vikombe vitatu na nusu juu ya nazi zote nne, kanda kwa mkono mpaka usikie mafuta vidoleni, kisha kamua kwa kifumbu. Hilo ni kasimile, tui zito. Lipime: vikombe viwili ni vya kupaka samaki, kimoja na nusu ni cha wali. Rudisha machicha kwenye bakuli, tia maji vikombe sita na kidogo, kamua tena. Hilo tui la pili ndilo litakaloupika mchele. Wenye mashine ya kusagia waitumie, wakate nazi vipande vidogo kwanza. Tui litakuwa sawa, ila wachuje mara mbili.

Mchele uoshe mpaka maji yawe meupe kama ya bombani, uloweke nusu saa. Chemsha vikombe sita vya tui la pili na chumvi kijiko kimoja kikubwa, tia mchele, funika. Tui likishuka likawa sawa na uso wa mchele, mimina lile kasimile kikombe kimoja na nusu, geuza mara moja kwa mwiko kutoka chini kwenda juu, punguza moto, palia. Hapo kwenye kupalia ndipo wali wa pwani unapopata jina lake, nitarudi.

Samaki mparue magamba, mtoe matumbo, mchanje mara tatu kila ubavu mpaka karibu na mwiba. Twanga thomu, yaani kitunguu saumu, punje kumi, tangawizi kipande kama kidole gumba na pilipili mbichi tatu. Tia chumvi na ndimu mbili, mpake hadi ndani ya michanjo. Mwache kiasi cha nusu saa au dakika arubaini. Ndimu ikikaa zaidi huanza kumpika yule samaki na nyama yake hufumuka akiwekwa juu ya wavu.

Sasa niseme kuhusu mtungi. Ule wa kwanza, wa kilo 13, ulinikwishia alfajiri. Kijana wa duka akaniletea mwingine, akaupachika yeye mwenyewe, ukalia "ta", akawasha, moto ukaja wa buluu, akaenda zake. Nikapika chai, nikafunga kile kichwa cha mtungi, kile kinachopachikwa juu yake kupitisha gesi, kama ninavyofanya kila siku. Mtungi wangu wakati ule ulikaa ndani ya kabati la chini, nyuma ya pazia na mlango wake. Saa tano na dakika ishirini nilifungua tena, nikaweka tui la wali. Dakika ishirini na tano zikapita. Sikunusa kitu. Mikono yangu yote ilikuwa thomu na samaki.

Aliyenusa ni bintiangu. Alikuwa ametoka dukani na makaa, amechutama kizingitini kwa mlango wa uani, seredani iko mbele yake, makaa yameshapangwa, kipande cha karatasi kimechomekwa chini. Njiti ya kibiriti ilikuwa vidoleni, kibiriti chenyewe mkono wa pili. Akainua kichwa.

"Mama, harufu ya nini hii?"

"Thomu hiyo."

"Siyo thomu, Mama. Kama yai viza."

Mpaka leo naiona ile njiti. Ilikuwa na kichwa chekundu, ameishika katikati, ubavu wa kibiriti uko mbali nayo kama upana wa kidole. Nilimwambia bila kupaza sauti, "Weka chini. Usiwashe. Zunguka kwa nje, mlango wa mbele, umtoe bibi." Akaweka chini, akaenda.

Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu. Ile ya yai viza hutiwa makusudi ili mtu ajue imevuja. Na pua ya mtu huizoea harufu: anayekaa ndani nayo kidogo kidogo huacha kuisikia, anayeingia kutoka nje ndiye huipata. Basi mtoto, mgeni au jirani akikwambia kuna harufu, mwamini yeye, usiiamini pua yako. Mimi nilibishana kwa neno moja, na neno hilo lilikuwa refu mno.

Jambo la pili la kujua ni kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa. Haipandi darini kama moshi, inatambaa sakafuni na kujaa mahali pa chini: ndani ya kabati, chini ya meza, kwenye shimo la maji machafu, kizingitini. Seredani nayo hukaa chini. Ndiyo sababu ile njiti ilikuwa mahali pabaya kuliko popote ndani ya nyumba.

Nilichofanya ni hiki, na mpangilio wake una maana. Kwanza nilizima moto wa wali kwa kifundo cha jiko. Halafu ndipo nikafungua kabati na kukifunga kichwa cha mtungi. Ningefungua kabati kwanza, ile gesi iliyokusanyika mle ingemwagika nje huku moto bado unawaka juu. Ndani ya kabati nilisikia "sssss" nyembamba, kama sufuria inayotaka kuchemka, nilipokigeuza ikakatika. Kama isingekatika ningetoka vile vile, nisingebaki kupambana nayo.

Kisha sikugusa swichi yoyote. Taa ilikuwa imezimwa, nikaiacha imezimwa. Feni ya chumba cha pili ilikuwa inazunguka, nikaiacha izunguke. Swichi ikibonyezwa hutoa cheche ndogo ndani yake, hata ukiizima, na cheche hiyo yatosha. Kilichowaka kibaki kikiwaka, kilichozimwa kibaki kimezimwa. Friji pia usiifungue, ile taa yake ya ndani ina swichi mlangoni. Simu ichukuliwe nje ndipo ipigwe. Nilisukuma mlango wa uani wote wazi, nikafungua dirisha, nikatoka. Wali niliuacha pale pale na mfuniko wake. Bakuli la kasimile lilikuwa mkono wa kushoto, hatua mbili kutoka mlangoni, na nilitamani kulichukua. Usirudi kwa bakuli. Nazi zinauzwa kila siku.

Wanaokaa ghorofani wajue kwamba gesi yao itateremka na ngazi kumfuata jirani wa chini. Wagonge milango wakishuka, wasipige kengele. Sisi tunakaa chini na ua wetu unapakana na wa jirani anayekaanga viazi karai kila Ijumaa kuuza. Nilimwita kupitia ukutani, "Jirani, gesi imenivujia, tafadhali zima makaa yako." Hakuuliza mara mbili. Nilimsikia akiyafunika kwa majivu, na karai yake ilikuwa na mafuta ya viazi vya kwanza. Nimemkumbuka kwa dua tangu siku hiyo.

Kama ingekuwa imeshashika moto, ushauri ni mwingine: ikiwa unaufikia mtungi bila kuungua, funga, ikiwa huufikii, toa watu, funga mlango nyuma yako, piga 999 au 112 ukiwa mbali. Usiumwagie maji mtungi unaowaka ukiwa umesimama kando yake ukidhani unasaidia.

Mamangu mkwe alikalishwa kibarazani kwa jirani wa mbele. Tulingoja dakika arubaini. Kaskazi ilikuwa inavuma vizuri na nyumba yetu ina mlango mbele na nyuma, kwa hivyo hewa ilipita moja kwa moja. Nyumba iliyofungika ingehitaji zaidi.

Wakati wa kungoja si wa kukaa bure, kwa sababu samaki yuko kwenye joto. Wetu, kwa bahati, alikuwa tayari uani chini ya kawa, akisubiri makaa. Lakini jua la kaskazi Mombasa halina simile: joto likizidi nyuzi 32, chakula kibichi kisipitishe saa moja nje. Friji ilikuwa haiguswi. Bintiangu akavuka barabara akanunua mifuko miwili ya barafu, tukamlaza samaki kwenye sinia, tukaweka barafu chini ya sinia ndani ya beseni, siyo juu yake, ili maji yasioshe viungo. Ikiwa samaki wako ni jodari au nguru, ongeza haraka. Hao wakikaa kwenye joto hufanya sumu inayomwasha mtu mwili na kumvimbisha uso, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika.

Harufu ilipokwisha kabisa, na aliyethibitisha ni mtu aliyetoka nje, siyo mimi, kijana wa jirani akanisaidia kuutoa mtungi uani. Mtungi wa kilo 13 uliojaa hukaribia mara mbili ya uzito huo ukihesabu na chuma chake, kwa hivyo ni kazi ya watu wawili. Ubebeni ukiwa wima. Gesi mle ndani iko katika hali ya maji, na ukilazwa yale maji ndiyo yatakayotoka. Tone moja hutanuka likawa gesi mara mia mbili na zaidi.

Hapo uani, mbali na moto wowote, nilikoroga sabuni ya unga kwenye kikombe cha maji mpaka ikatoa povu zito. Nikaipaka kwa sponji shingoni mwa mtungi, kwenye kichwa chake na kwenye mpira mrefu mpaka mwisho. Nikafungua kichwa kidogo tu. Povu likaanza kufura upande mmoja wa shingo, jicho moja, likapasuka, likafura tena. Nikafunga. Tukakivua kichwa, tukatazama mdomoni mwa mtungi: kuna mpira mdogo mweusi wa duara mle ndani, na ule ulikuwa umekatika ukingoni, kipande kama ukucha wa mtoto. Ndicho kilichokuwa kinapitisha. Jioni duka lile liliubadilisha mtungi wote bila maneno.

Hiyo povu ndiyo inayofaa kufanywa kila mtungi mpya unapopachikwa, aliyeuleta akiwa bado amesimama. Ni dakika mbili. Usimruhusu mtu apime kwa kibiriti, hata kama ameifanya kazi hiyo miaka. Mpira mrefu ukunje kwa vidole: ukiona nyufa ndogo kama za kisigino kikavu, umekwisha, na hewa yetu ya chumvi na joto huumaliza mapema. Wangu naubadilisha kila miaka miwili. Na mtungi wangu sasa haukai kabatini, unakaa wazi.

Twende kwa wali. Ulikuwa umechemka dakika kumi hivi, tui limeshuka nusu, ukazimiwa, ukakaa na mvuke wake karibu saa nzima. Wengi hapa humwaga, au hutia maji mengi wakaupika upya ukawa bokoboko. Usifanye hivyo. Funua, toa punje tatu, moja ya juu, moja ya katikati, moja ya pembeni, zifinye baina ya vidole viwili. Kama katikati kuna kijichembe cheupe kigumu na pembeni pamelainika, wali wako ni mzima. Umelewa tui, haujaiva. Usiukoroge, punje zimevimba na zitavunjika.

Nilionja kasimile kwanza. Tui bichi kwenye joto huchacha upesi, na likianza utasikia ukali nyuma ya ulimi kabla hujausikia puani. Lilikuwa salama. Likiwa limegeuka, limwage, wali upate tui la pili lililobaki, na samaki akamuliwe jingine.

Tukawasha seredani mbili, zote uani. Mamangu mkwe, kwa huruma yake, alisema tuingize moja mekoni tusichomwe na jua. Nikamwambia, "Mama, niwie radhi, makaa hayaingii ndani." Makaa yanayowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na chumba kikifungwa humlaza mtu asiamke. Tusingekimbia gesi tukaingia kwenye hiyo. Tukafunga leso mbili kivuli baina ya kamba za nguo, tukapikia chini yake.

Sufuria ya wali niliiweka juu ya makaa machache, yaliyoshika majivu meupe. Kasimile kikombe kimoja na nusu nilikipasha moto kando, nikakimimina kwa kuzungusha, kuanzia pembeni kuja katikati, nikatoboa wali kwa mpini wa mwiko mahali sita mpaka chini, ili tui lishuke bila kukoroga. Nikafunika mfuniko wa bati usio na kishikio cha plastiki. Kisha nikachukua makaa kwa koleo, moja moja, nikayapanga juu ya mfuniko, mengi ukingoni, machache katikati. Huko ndiko kupalia: moto wa juu uzidi wa chini. Wa chini unamaliza maji, wa juu unachambua punje. Dakika ishirini na tano. Usifunue kuangalia, weka sikio karibu. Ukisikia vitu vinatatarika badala ya kutokota, maji yamekwisha, ondoa makaa yote ya chini, acha ya juu dakika kumi nyingine.

Seredani ya pili ilikuwa ya samaki. Wavu upate moto kwanza na upakwe mafuta kwa nusu ya kitunguu, ndipo samaki awekwe, na asiguswe mpaka aachie mwenyewe. Dakika nane upande mmoja, nane wa pili. Huku nyuma, kasimile vikombe viwili kwenye sufuria ndogo na thomu punje nne zilizotwangwa, pilipili moja, manjano nusu kijiko cha chai na chumvi. Koroga upande mmoja bila kuacha. Ukiacha litakatika, mafuta mbali maji mbali. Likiwa zito kama uji wa mtoto, tia maji ya ukwaju vijiko vitatu, epua. Mpake samaki upande wa juu kwa brashi au jani la mgomba lililokunjwa, mgeuze, mpake, mgeuze tena. Mara tatu kila upande, mpaka tui lishike kwenye michanjo na lianze kuungua madoa madoa. Linalobaki limwagie akiwa ameshawekwa kwenye sinia.

Mchicha uliiva kwa makaa yaliyobaki, na kachumbari aliikata bintiangu.

Kakangu alifika kutoka msikitini akatukuta sote uani, nyuso zimejaa majivu. Tulitandika mkeka huko huko, kivulini. Wali ulipofunuliwa punje zilisimama kila moja peke yake, na chini, kwa ule mkao mrefu, ulikuwa umefanya ukoko mnene wa rangi nyekundu. Ukoko wa hivyo usiulazimishe kwa kisu. Epua sufuria, iweke juu ya kitambaa kilichorowa maji baridi, hesabu mpaka mia, kisha upenyeze mwiko ukingoni. Utatoka mzima kama mkate. Wetu tuliuvunja vipande vinane, na kile cha katikati, chenye tui zaidi, tukampa bibi.